Mitindo Miwili Yatosha

Treni ya Taveta ilikuwa imeshapita Maktau, na Mwalimu Teresia hakuwa amefuma hata mstari mmoja wa kitambaa chake. Vijana wawili walioketi mbele yake, waliojuana tangu Mwatate tu, walikuwa wakibishana juu ya mchezo wa video wa kuteleza kwenye theluji, unaochezwa katika duka moja mjini Voi.

"Mitindo miwili yatosha, dada," alisema Zubair. "Ruka, zunguka, utue salama. Ukizidi kuunganisha utaanguka, na pointi zote zipotee."

"Haziwezi potea ukijua," msichana alimjibu. "Ukitua tu, panda ile reli ya kutelezea. Ukishuka, ruka tena. Usiache kombo, yaani mfululizo wa mitindo, ipoe."

"Hayo ni ya yule MAB, aliye juu ya orodha ya pointi kwenye skrini. Namfukuza tangu Ramadhani. Wallahi, jamaa yule mwizi!"

Teresia, ambaye theluji aliijua ya Kilimanjaro tu, tena kwa mbali, alijikuta akimwonea Zubair huruma.

Treni ikasimama Taveta. Msichana akainuka.

"Naitwa Mable," alisema. "MAB ndiye mimi. Na mimi si jamaa."

Zubair akaunyakua mkoba wa msichana ambebee.

"Hata hivyo," alisema wakishuka, "mitindo miwili yatosha!"