Kopo la Irakoze lililobaki kwa Mama Heri

Amahoro kwenu wote, mliopata viti na mliobaki wima kule kando ya barabara, familia inawaomba kimya kidogo msikie maisha ya mama yetu Agnesi, ambaye wengi hapa Rumonge mlimwita Mama Heri.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Baraka, upande wa Kongo, akasoma hapo hapo hadi mwaka wa tano wa shule ya msingi, akaacha kwa sababu wadogo zake walihitaji wa kuwabeba, mwaka 1981 akafunga ndoa na Revokatus, mvuvi, na vita vilipowafukuza mwaka 1996 wakavuka ziwa wakafikia Gitaza, ambako mama alianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, mvua ikija anakimbia kuzianua, jua likirudi anazitandaza upya, mpaka mumewe alipofariki mwaka 2009, ndipo akahamia hapa kuuza samaki wa mukeke sokoni. Mungu aliwapa watoto wanne, watatu wakatangulia, akabaki naye Heri peke yake.

Heri alimuoa Chanceline tarehe 6 Julai 2019, na tarehe 2 Mei 2020 akazaliwa Irakoze, ambaye alimwita marehemu Koko, yaani bibi, na lazima tumtaje Irakoze kwa sababu ndiye aliyejaza miaka ya mwisho ya mama. Akiwa na miaka minne mtoto alianza kuota nywele za mtu mzima, akarefuka kuliko wenzake wote, majirani wakanong'ona, Chanceline akawa anamfunga kitenge hata kwenye joto, hana usingizi, hana wa kumuuliza, na daktari wa watoto kule Bujumbura alipomwona akasema huenda ni homoni, ni tezi ndogo zinazokaa juu ya figo, na ili ajue anataka mkojo wote wa mtoto wa mchana na usiku, ule wa kwanza wa asubuhi umwagwe, unaofuata wote uingie katika bidoni moja, dumu la plastiki, na ukae baridi, lisipotee hata tone.

Chanceline alisema nyumbani friji hakuna, lakini mama akasema barafu ya mukeke iko, basi na kazi iko. Mara ya kwanza waliharibu, kwa kuwa mama, kabla ya kuifunga bidoni, aliiombea kama tunavyoombea kila kinachosafiri, akatia humo mafuta ya maombi kidogo, maabara wakaikataa, wakarudi mikono mitupu, Chanceline akilia ndani ya basi na mama akimwambia nyamaza mwanangu, mutoto atakojoa tena.

Mara ya pili aliomba akiwa mbali na bidoni. Alimfuata Irakoze na kopo toka asubuhi, akaenda naye sokoni, bidoni ikalala kwenye barafu yake pembeni, wenzake wakamcheka kwamba Mama Heri siku hizi iko nauza mikojo, akawajibu kwamba hii iko bei kuliko mukeke, musiguse. Ugonjwa ukajulikana, Irakoze akaanza vidonge, na kila kipimo kilichofuata, maana daktari hupima tena dawa isipungue mtoto akaanguka, wala isizidi akadumaa, kopo lilikuwa la Koko tu, kwa mwingine mtoto anabana mkojo.

Tangu Novemba 2024 mama alisumbuliwa na tansyo, shinikizo la damu, akawa anachoka, hasemi. Jumatatu tarehe 8 Septemba 2025, alfajiri, akiwa ameinama kumshikia Irakoze kopo, alianguka, akapelekwa hospitali, na kesho yake jioni akafariki.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliokesha naye, majirani mliopika, wanakanisa mlioimba, na ninyi wamama wa soko la samaki, mliomcheka zamani na leo mmeleta barafu bila kuombwa, murakoze cane. Maana kesho daktari anangoja, na bidoni ile nyeupe nyuma ya nyumba si maji, tunawaomba mtu asiimwage, na Irakoze akisema anataka kukojoa, hata kama ni wakati wa sala, asipelekwe kichakani kwa huruma, aitwe Chanceline, kwani toka asubuhi mtoto amebana, anamtafuta Koko.

Pumzika kwa amani, Mama Heri, shusha mikono, kopo analo Chanceline, linamtetemeka, lakini analo.