Dakika Kumi za Tumainieli Bukuru

Na Doris Mmbaga, Maktaba ya Filamu

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mzee Tumainieli Bukuru, mwendesha mitambo ya sinema wa Kituo cha Elimu kwa Picha hapa Same, anastaafu baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na minne. Nilipomwambia kwamba nitaandika wasifu wake, aliniomba niufanye mfupi. Nitajitahidi.

Aliajiriwa mwaka 1991 akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, zama za projekta ya magurudumu mawili ya filamu na jenereta iliyokohoa kuliko mwenye pumu. Kazi yake ilikuwa kupeleka filamu za afya na kilimo mashuleni na kwenye kumbi za makanisa, kuanzia Makanya hadi Chome. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ya kuazima, shuka jeupe likatundikwa ukutani, mchana ukageuka giza. Mara ngapi barabara ya Chome ilimshinda dereva, projekta ikamalizia safari kichwani kwa Mzee Bukuru, hakuna aliyehesabu.

Baada ya filamu ya somo aliwaongezea watu filamu ya hadithi, na hapo ndipo tulipomjua. Alipenda hadithi za muda mfupi tu: mke na mume wakisubiri majibu ya daktari kwenye benchi, zamu moja ya mwendesha kivuko, alasiri moja ya mgomo kiwandani. Filamu iliyoandika "miaka kumi baadaye" aliirudisha kabatini. "Hiyo miaka kumi wameificha wapi?" alilalamika. Makabati yangu aliyapanga bila kujali majina ya filamu. Kwenye lebo aliandika muda wa hadithi: "saa mbili", "mchana mmoja", "asubuhi mpaka adhuhuri". Nimeacha hivyohivyo.

Siku moja kule Chome Mzee Sylvester, mkulima wa maharage, alisimama katikati ya filamu akauliza kwa sauti, "Huyu bwana mbona hali chakula tangu tuanze?" Mzee Bukuru akamjibu, "Shikamoo mzee. Hadithi yote ni ya saa moja na nusu tu. Hata wewe hujala." Ukumbi mzima ukacheka, na Mzee Sylvester akawa hakosi onyesho.

Sababu ya kupenda hadithi hizo za muda mfupi tuliijua mwaka 2018, tena kwa bahati. Gari lilipata pancha karibu na Makanya, na Humphrey, dereva wetu, akamuuliza Mzee Bukuru huku wakibadilisha tairi. Alimjibu bila kuinua uso.

Baba yake alikuwa Muha wa Kasulu aliyekuja kukata mkonge huku tambarare, akaoa Chome. Mwaka 1974 aliitwa kwao kumzika mama yake. Tumainieli, mwenye miaka tisa, alishuka mlimani kumsindikiza hadi stesheni ya Same. Treni ilisimama dakika kumi. Mtoto hakuwahi kuiona treni kwa karibu, akakimbilia mbele kushangaa kichwa chake. Honi ilipolia, baba alikuwa tayari dirishani, na behewa likaondoka. Hakurudi tena. Barua hazikujibiwa.

"Nilipewa dakika kumi na baba yangu," alimwambia Humphrey, "nikazitumia kuangalia chuma."

Treni ya abiria iliporejea Same baada ya miaka mingi, sisi wenzake tulimshawishi atengeneze filamu yake mwenyewe: dakika kumi, kamera moja, bila kukata. Humphrey angekuwa baba. Mtoto angekuwa Wema, binti wa mpishi wetu, mwenye miaka tisa. Aliwafundisha wiki nzima, na agizo lake kwa Wema lilikuwa moja: "Usimwondolee macho baba yako mpaka treni iondoke." Alitaka mtoto huyo afanye alichoshindwa yeye.

Siku yenyewe treni iliingia ikitetemesha ardhi. Wema naye hakuwahi kuiona kwa karibu. Alichomoka mbio hadi mbele, akabaki amekodoa macho. Humphrey alisimama mlangoni mwa behewa na maneno yake yote mdomoni, hana wa kumwambia. Kamera iliendelea. Treni ikaondoka na Humphrey ndani, akashukia Makanya na kurudi kwa basi. Mzee Bukuru alifunga kamera, akaenda nyumbani kwa miguu.

Kesho yake aliitazama picha ile ofisini, mimi nikiwa kwenye meza yangu. Humphrey alikuwa amemtazama Wema muda wote, akitabasamu kwa jinsi mtoto alivyokuwa anaishangaa treni. Hakugeuka hata mara moja. Mzee Bukuru aliirudia mara tatu.

"Doris," akaniita. "Kumbe baba alikuwa ananiangalia mimi."

Mchana Wema aliletwa na mama yake kuomba radhi. "Shikamoo babu. Nisamehe, nilisahau."

"Marahaba, mwanangu. Hujakosea kitu."

Filamu ile tumeionyesha kila shule ya wilaya hii bila kubadilisha chochote.

Mwezi Agosti Mzee Bukuru na mkewe, Mama Eva, wanasafiri kwenda Kasulu. Hajawahi kufika. Mkononi ana jina la kijiji na jina la baba tu. Hajui atamkuta nani, wala kama yuko wa kumkuta.

Mzee wetu, asante kwa giza lote la mchana ulilotutengenezea. Maisha yako ya kustaafu yawe marefu na matamu. Na huko Kasulu, Mungu akujalie umkute mtu mmoja tu, hata kama ni kikongwe, ambaye ukilitaja jina la baba yako atasema, "Karibu ndani, tulikuwa tunakusubiri."