Kona kwa Kona: Mwanamke Aliyekunja Mashuka ya Hospitali

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio kazini, na mnaomuuguza mtu nyumbani, Mungu awape utulivu wa kusikiliza. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa. Alifanya kazi hapo miaka kumi na tisa. Hakuzaliwa katika nchi hii. Alifika akiwa na miaka thelathini na tisa, na ametutoka akiwa na hamsini na minane. Wenzake walimwita Mama Kona.

Habari hizi nimepewa na mwenzake wa kazi, ambaye pale kazini wanamwita Mzaliwa. Ameniomba nisifiche kitu, hata pale ambapo yeye mwenyewe haonekani vizuri. Nimeomba nipewe maneno ya kusema kweli bila kumvunjia mtu heshima.

Tuanze na shuka. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Wawili husimama wakitazamana, kila mmoja ameshika kona mbili. Hulikung'uta, hulivuta likanyooka, kisha mmoja humwendea mwenzake mpaka mikono inakutana. Mashuka mia tatu kwa zamu moja. Kwa miaka kumi na tisa, aliyesimama upande wa pili wa Mama Kona alikuwa Mzaliwa. Hebu fikirini, wapendwa. Mtu humpendi, na mikono yake inagusa yako mara mia tatu kwa siku.

Kwa nini hakumpenda? Mzaliwa mwenyewe anasema, "Hakunikosea kitu. Hilo ndilo lililonichoma."

Mama Kona alipofika hakujua lugha. Maneno ya kwanza aliyoshika yalikuwa ya kazini, na akayarudia siku nzima: "Kona kwa kona! Kona kwa kona!" Hapo ndipo jina lake lilipotoka. Wote walicheka, na Mzaliwa alicheka kuliko wote. Lakini jioni Mama Kona akajiandikisha masomo ya watu wazima. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamebana, na baada ya miaka miwili akawa anawasomea wenzake matangazo ya ukutani. Mzaliwa hakucheka tena.

Wauguzi wakaanza kuuliza, "Haya mashuka kakunja nani? Tuleteeni ya Mama Kona." Kana kwamba hakukuwa na mtu upande wa pili! Kisha mama mzazi wa Mzaliwa akalazwa. Mzaliwa alipanda wodini na uji wa moto, akamkuta mama yake ameshakunywa uji.

"Yule mwenzako amekuja," mama akasema. "Ana mkono mwepesi. Amenigeuza wala sikusikia maumivu."

"Na mimi je, mama?"

"Wewe una mkono wa mashine, mwanangu."

Maneno hayo yalimuuma Mzaliwa wiki nzima. Kazini akawa anavuta shuka kwa hasira.

"Watu wa nje mnakuja mikono mitupu, kesho mmekalia viti vyetu. Mimi mzaliwa wa hapa!"

"Nimesikia, Mzaliwa. Lakini shika kona zako, shuka linaburuta."

Wengine wakaangua kicheko. Jina la Mzaliwa likamganda tangu siku hiyo.

Mwaka wa kumi na mbili, msimamizi wa chumba cha kufulia alikaribia kustaafu. Mkuu wa wauguzi alitaka nafasi ile aipate Mama Kona. Kilikuwepo kizuizi kimoja tu: msimamizi lazima awe raia. Basi Mama Kona akachukua fomu ya kuomba uraia. Fomu ilitaka picha ya mwombaji. Ilitaka pia saini ya shahidi, mtu aliyezaliwa nchini na aliyemjua mwombaji kwa miaka kumi au zaidi.

Akaileta kwa Mzaliwa. "Dada, nisaidie. Ukishasaini, niachie ofisi ya uhamiaji. Wewe unapita pale kila siku."

Mnaona ilivyokuwa, wapendwa. Akisaini, Mama Kona anapata uraia na cheo. Asiposaini, cheo ni cha Mzaliwa, anayemfuata. Fomu ikalala siku kumi na moja katika mfuko wa aproni yake. Kila asubuhi alisali. Ananiambia, "Nilisali, lakini nilimwomba Mungu akubaliane na mimi."

Sasa, chumba cha kufulia kina amri moja kuu: kagua mifuko kabla ya kufua. Kalamu moja huharibu mashuka hamsini. Hakuna dobi anayesahau mifuko. Siku ya kumi na moja, Mzaliwa alivua aproni yake, akaitupa ndani ya mashine pamoja na mashuka, akafunga mlango. Hakukagua mfuko. Alijua kilichomo.

Mashuka yalipotoka yalikuwa na vipande vyeupe vya karatasi, kama punje za wali. Wawili wakasimama kukunja. Mama Kona akavibandua kimoja kimoja, polepole, akavitia mfukoni mwake.

"Leo kuna mtu hakukagua mifuko," akasema.

"Labda hawa wapya," Mzaliwa akajibu. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza, "Ile fomu yako nimeshaipeleka. Wewe subiri tu."

"Asante, dada. Haya, kona kwa kona."

Mama Kona akasubiri. Hakuuliza habari za fomu hata mara moja, wala mwezi wa kwanza, wala wa tano. Mzaliwa akapewa cheo na funguo, huku akiendelea kukunja. Moyoni akasema, huyu mgeni mjinga kweli, hata kuuliza haulizi. Lakini cheo hakikumpa raha. Wauguzi waliendelea kuulizia mashuka ya Mama Kona.

Miaka miwili ikapita. Mama Kona akaja na fomu nyingine, na picha nyingine.

"Kwa nini mimi tena?" Mzaliwa akauliza. "Hapa wazaliwa wamejaa."

"Wewe ndiye unayenijua."

Safari hii alisaini. Msidhani aliongoka. "Nilikuwa nimeshapata nilichotaka," anasema. Alifungua ukurasa wa mwisho, akatia saini, akairudisha bila kusoma mengine. Mama Kona akaipeleka uhamiaji mwenyewe, na nakala ikawekwa katika faili lake la kazi. Baadaye akapata uraia. Alipokuja karani wa kuhesabu watu na kumuuliza alizaliwa wapi, alijibu, "Nilizaliwa kwingine, lakini nimepigwa pasi hapa." Karani alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

Mwezi uliopita, siku yake ya mapumziko, Mama Kona alianguka ghafla nyumbani kwake. Moyo. Akaletwa katika hospitali ileile na kulazwa juu ya shuka alilolikunja mwenyewe. Hakufika jioni.

Mzaliwa akaitwa ofisini. Karani alikuwa na faili mezani.

"Wewe ndiye dada wa marehemu?"

"Hapana. Mimi ni msimamizi wake."

Karani akageuza faili. Ilikuwa nakala ya fomu ya pili, ukurasa wa tatu, ukurasa ambao Mzaliwa hakuusoma. Palikuwa na swali: ndugu wa karibu aliyepo nchini. Kwa mwandiko wa masomo ya jioni, herufi kubwakubwa, palikuwa na jina la Mzaliwa. Na mbele yake, neno moja: dada.

Kwa kuwa ndiye ndugu, akapewa ufunguo wa kabati la marehemu. Alikuta kandambili, sabuni, na kitabu cha sala. Ndani ya kitabu kulikuwa na kipande cha picha kilichofuliwa, kimekauka na kujikunja. Jicho moja na nusu ya shavu. Lilikuwa jicho la Mama Kona, kutoka fomu ya kwanza.

Alijua. Alijua tangu siku ile ya mashuka. Alijua, na bado miaka miwili baadaye akaandika: dada.

Nilimpigia simu mdogo wake marehemu, huko alikozaliwa. Akaniambia, "Dada alituambia tusimhofie, ana dada mwingine huko. Mkali kidogo, alisema, lakini hajawahi kuniachia shuka lianguke."

Mzaliwa anasema hata mazishini aliona wivu, kwa wingi wa watu waliolia. Kisha wakaja kumpa pole yeye. Wauguzi, madobi, mkuu wa wauguzi, wote walimshika mkono wakisema, "Pole kwa kufiwa na dada." Akazipokea zote. Leo ameniomba niseme neno kwa niaba yake: dada, ile fomu sikuipeleka. Nisamehe.

Kwa mdogo wa marehemu, kwa binti wa marehemu aliyebaki huko kwao, na kwa dada yake wa huku, kipindi hiki kinawapa pole. Mungu ampumzishe mahali pema, na awashike mkono ninyi mliobaki.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo kabla ya kulala, kagueni mifuko. Yupo mtu anayesubiri kitu kilichomo humo.

Upande wa pili wa shuka sasa amesimama mama mwingine, amewasili nchini majuzi, lugha bado. Jana Mzaliwa alizishika kona zake mbili, akamtazama, akamwambia taratibu, "Rudia na mimi. Kona kwa kona."