Pamba ya Shemasi Odell

Kijiwe chetu ni benchi refu mbele ya kituo cha mafuta cha Bi Ernestine, huku Georgia kusini, ng'ambo ya barabara kutoka jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Asubuhi umande haujakauka utatukuta tumeshakaa, kahawa mkononi, biskuti za moto, vile vimkate laini vya kwetu, mapajani. Yupo Cleophus, tuliyembatiza Redio kwa sababu hazimiki. Yupo Otha, Injinia, ambaye hajawahi kutengeneza kitu kikawaka. Nipo mimi, mlaji biskuti. Na yupo Shemasi Odell Gatewood, ambaye Julai ile alikuwa akija, anakaa, anaitazama barabara. Pamba yake ilikuwa inamfia shambani.

— Imefika magotini ikagoma, alisema siku moja, ghafla tu. Mabaka mabaka, hasa kule kwenye udongo wa kichanga. Jua likipanda inalegea kama haijawahi kuonja maji, na mvua imenyesha juzi!

— Radi hiyo, akadakia Redio. Radi ikipiga ardhini haifi. Inatembea humohumo chini.

— Inatembea kwenda wapi?

— Si inatafuta pa kutokea, Shemasi!

— Mpuuze huyo, akasema Injinia. Ni minara ya simu. Pamba inasikiliza umbea wa watu usiku kucha, haipati usingizi. Ungekuwa wewe ungerefuka?

— Kwa hiyo wewe Otha ulilala karibu na mnara? nikamuuliza, maana ni mfupi kweli.

Tukacheka. Odell hakucheka.

— Chekeni tu. Mimi aliyeniua namjua. Lamar Tillery. Kapuliza dawa yake ya magugu upepo ukielekea kwangu, mwaka jana na mwaka huu. Kama si yeye, mbona yake imenawiri? Waya mmoja tu unatutenganisha!

Hapo kicheko kikakatika. Odell na Lamar wamekua pamoja, wameimba kwaya moja tangu sauti hazijavunjika. Tangu msimu uliopita Odell hakuwa akimpa hata salamu. Februari, mke wa Lamar, Corrine, alipofariki, kanisa zima lilikwenda kumzika. Shemasi alibaki kwake.

Dada mkubwa wa Odell, Verdell, ndiyo kwanza alikuwa amerudi nyumbani baada ya kustaafu kule Detroit. Alikuwa amesimama mlangoni kwa Bi Ernestine anakoroga sukari, anatusikiliza.

— Mizizi yake ikoje? akauliza.

— Mizizi ya nini?

— Ya pamba, Odell. Umeng'oa hata mche mmoja ukautazama?

Redio akakohoa. Injinia akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Odell akamtazama dada yake, kisha sisi, kisha akasimama akaenda kwenye pikapu yake. Verdell akakaa mbele, sisi tukapanda nyuma, vikombe mkononi.

Alichimba kwa koleo taratibu, asiikate mizizi. Mche ulipotoka akaupukuta udongo, na kila mtu akaona: mzizi wote umejaa vinundu, vingine vidogo kama punje za mtama, vingine vimeungana vikavimba. Akachimba mwingine. Ni vilevile.

— Minyoo fundo, akasema Injinia, na kwa mara ya kwanza hakuongeza chake. Baba yangu ilimmaliza hii. Inaingia mzizini, mmea haunywi tena.

Odell akaketi chini kwenye tuta, na suruali yake safi.

— Dawa ya magugu haifanyi hivi, akasema.

— Haifanyi, mdogo wangu, akasema Verdell.

— Dada, sikwenda kumzika Corrine.

Akainuka na mche wake mkononi, akauvuka waya. Lamar alikuwa anatia grisi trekta lake. Alipomwona anakuja aliweka chini bomba la grisi, akangoja. Sisi tulisimama upande wetu, lakini hewa ilikuwa imetulia, tukasikia.

— Nimekusingizia, alisema Odell, akamwonyesha mizizi.

Lamar akaupokea mche, akaugeuzageuza.

— Hata kwangu ilikuwepo. Ndiyo maana nilibadilisha mbegu. Hii ninayopanda siku hizi inastahimili. Minyoo ikiingia inashindwa kuzaana vizuri.

— Mbona hukuniambia, Lamar?

— Nilikuja kukwambia. Nikasimama barazani kwako, ukavuta pazia.

Odell akavua kofia. Akaanza kulitaja jina la Corrine.

— Alikuwa akikuulizia, akasema Lamar. Mpaka siku zake za mwisho. “Odell hajaja?” Nikawa namwambia una kazi nyingi.

Shemasi wetu alilia pale mchana kweupe, mzee mzima, kofia kifuani. Lamar hakumkumbatia wala hakumfukuza. Baadaye tulimsikia akisema:

— Ukimaliza, njoo nikuonyeshe mbegu yenyewe.

Msimu ule Odell alivuna kidogo sana. Kabla ya kupanda tena walikwenda wote wawili kupeleka udongo ukapimwe, wakarudi na mbegu nyuma ya gari la Lamar. Siku ya Jumapili kabla ya ibada, Odell alionekana makaburini peke yake, amesimama mbele ya jiwe la Corrine. Hakuna aliyemuuliza alichosema.

Sasa pamba imetoka. Jana kijiweni Redio alikuwa akiisifia mbegu mpya kana kwamba ameizaa yeye:

— Minyoo ikiinusa inahama kaunti! Inafungasha!

— Inahamia kwa mashemeji zake Alabama, akasema Injinia.

Verdell akaweka kikombe chini.

— Na siku minyoo ikiizoea mbegu hii, mtafanya nini?

Redio akaanza kukung'uta makombo mapajani. Injinia akachungulia ndani ya kikombe chake. Mimi nikatafuna biskuti, ingawa ilikuwa imeshaisha.

Odell akainuka.

— Bi Ernestine, nipe kahawa mbili za kuondoka nazo. Hilo ngoja nikamuulize Lamar.