Mwanachuo wa Dirishani kwa Badrudin

Kriiish.

Sauti hiyo moja ilitoka dukani kwa Badrudin usiku, kali kama bati linaloburutwa juu ya mawe, na kulipokucha kijiwe cha kahawa hapo nje, mtaa wa Ngokolo, hakikuwa na habari nyingine. Mama Luka, muuza kahawa, alipuliza makaa, akapanga vikombe. Usiku ule yeye alikuwamo humo dukani. Ile ilikuwa kompyuta ikipiga simu chuoni, na jibu lilikuwa limekuja: amepata nafasi ya diploma ya elimu ya watu wazima, masomo yote kwa kompyuta, hapa hapa Shinyanga. Ila jina lililo kwenye fomu halilingani na la kwenye cheti chake. Chuo kitapiga simu asubuhi hii kumsikia mwenyewe. Saa sita usajili wa mwaka huu wa tisini na tisa unafungwa.

— Mimi nimeishi na redio miaka ishirini, alianza Herman, fundi ambaye kijiwe kilimwita Waya. Ile ni mawimbi yanagombana. Badrudin amenasa stesheni ya Ulaya.

— Stesheni gani inapiga yowe? aliuliza Bartholomeo, karani mstaafu wa pamba. Ile ni mashine ya kunusa dhahabu.

— Dhahabu hainuswi kwa kelele, alisema Mzee Duara, ambaye alipewa jina hilo, ndivyo wachimbaji waitavyo shimo la dhahabu, kwa miaka yake ya kuchimba Mwakitolyo. Dhahabu ina aibu. Ukiipigia kelele inashuka chini zaidi.

Mama Luka alimimina kahawa ya mzee huyo, akampa Waya ampelekee. Duara ni baba mkwe wa Mama Luka. Kwa mila ya wakwe, hampi kikombe mkono kwa mkono, wala halitaji jina lake halisi. Tatizo ni kwamba baba yake mzazi naye aliitwa jina lilelile. Basi tangu aolewe, miaka kumi na moja, jina hilo halijapita mdomoni mwake, na kwa kuwa kwa Kisukuma linakaribiana na neno la mvua, hata mvua yenyewe huiita maji ya juu.

Dirisha la duka lilifunguka, Badrudin akatoa kichwa.

— Acheni kubahatisha. Ile ni intaneti. Huyu anayewapa kahawa ni mwanachuo.

Benchi lililia kwa jinsi walivyogeuka wote kwa pamoja.

— Mama Luka? aliuliza Bartholomeo. Chuo chenyewe kiko wapi?

— Humu, alisema Badrudin, akigonga ukuta. Kwenye waya wa simu.

— Na walimu wamo humo humo, alisema Waya. Nilijua. Ndiyo maana simu zinakatika katika. Mwalimu mnene akipita, anaziba.

— Afanye mtihani kiangazi tu, alisema Bartholomeo. Radi ikipiga nguzo kule Mhunze, alama zote zinamwingia mtu mwingine. Mchunga ng'ombe anaamka na diploma.

— Mchungaji wa nini, alisema Duara. Kwenye nguzo zile wanaojikuna ni ng'ombe. Mwakani tutanywa maziwa ya ng'ombe mwenye diploma.

Walicheka hadi kahawa ikamwagika. Mama Luka naye alicheka, lakini alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

— Una nini, dada? aliuliza Waya.

— Jina, kaka. Limekosewa.

— Kosa langu, alisema Badrudin. Fomu ilitaka jina la kwanza, nikajaza Mama. La pili, nikajaza Luka. Sasa wamemwandikia Ndugu Mama, mtoto wa Luka. Jana usiku namuuliza jina la baba yake, akababaika mpaka laini ikakatika.

— Kwani, mama, wewe unaitwa nani? aliuliza Bartholomeo.

Alikuwa amekunywa kahawa ya mwanamke huyo kwa miaka tisa. Alimtazama Waya, Waya akamtazama Badrudin. Duara alitazama ndani ya kikombe chake.

Simu ikalia. Badrudin aliipokea, akauvuta waya wake hadi dirishani, akamkabidhi Mama Luka. Sauti ya mwanamke ilitoka kwa nguvu, kijiwe kizima kikaisikia.

— Nina nakala ya cheti hapa. Nitajie majina mawili, lako na la baba yako.

— Naitwa Euphrasia.

— Euphrasia, alinong'ona Waya, kama aliyeonja kitu kipya.

— Euphrasia nani?

Mama Luka aligeuka kumtazama Duara. Baba mkwe wake alikuwa hatua tatu kutoka alipo, na adabu aliyolelewa nayo haikuwahi kuambiwa habari za simu.

— Dada, upo? Bila jina la pili siwezi kukuandikisha.

Mzee Duara, ambaye tangu asubuhi alikuwa amejibu hata yale asiyoulizwa, aliweka kikombe chini. Akaingiza kidole sikioni, akakitikisa.

— Waya, unasemaje?

— Sijasema neno, mzee.

— Ongea kwa nguvu basi. Leo masikio yangu hayashiki kitu. Hata mtu akinitaja jina langu hapa, sisikii.

Akawageuzia mgongo, akakaa anatazama barabara. Mama Luka aliishika simu kwa mikono miwili.

— Euphrasia Mabula, alisema.