Dada Aliyezipa Kampuni Tatu Nyumba Tatu

Ndugu na majirani mliofika, familia inawasomea maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye kazini alijulikana kama Bi Hakiki, kwa kuwa hata ungemwambia mvua inanyesha angekuuliza kama umetoka nje kuhakiki.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya watatu, na kwa kuwa mama alishinda kazini, ndiye aliyembeba mgongoni mdogo wake wa mwisho, mpaka mtoto alipomzidi uzito mbebaji. Alianza shule Januari 1975, akamaliza sekondari mwaka 1986, kisha akasomea kompyuta miaka miwili katika chuo chenye kompyuta moja na wanafunzi thelathini na wawili.

Tarehe 4 Februari 1991 alianza kazi kwa baba, na tarehe 10 Desemba 1994 akafunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, ambaye ni fundi umeme.

Baba alipofariki mwaka 2014 aliacha kampuni tatu: kinu cha unga kwa dada, malori kwa kaka, mtoto wa pili, na kiwanda cha magodoro kwa mdogo. Mwaka 2017 kampuni hizo zilipohamia kwenye programu za biashara za mtandaoni, ambako kampuni huingia kama mpangaji, ilibidi kuamua kama zipange nyumba moja, yaani akaunti moja ya pamoja, au kila moja iwe na yake. Dada alilipima jambo hilo miezi minne: katika nyumba moja wote wangeona kalenda moja na wateja walewale, na lori likichelewa kinu kingejua papo hapo, lakini katika nyumba tatu kosa la mmoja lisingewaangukia wote, na anayetaka kuuza angeondoka bila kubomoa ukuta wa mwenzake. Moyo wake ulitaka nyumba moja, na alisema hivyo mezani, ila mdogo wake alikwishapata mnunuzi, akashikilia zitengwe, na dada akazitenga.

Novemba 2018 mdogo aliuza kiwanda na kuhamia mji mwingine, na kwa maneno waliyorushiana siku ya kutia saini, wakaacha kupigiana simu. Dada akamfungulia nafasi ya mgeni katika nyumba ya kinu, akaweka humo picha za familia na siku za kuzaliwa za watoto. Mwaliko wa mgeni huisha baada ya siku tisini, na kila ulipoisha alituma mwingine, akiwatania wenzake kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023, akatuma mwaliko wa mwisho akiwa kitandani tarehe 11 Mei 2024, na akafariki hospitalini tarehe 17 Agosti 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia mumewe, na wafanyakazi wa kinu waliomshikia kompyuta alipoishiwa nguvu mikononi.

Mdogo wake aliiona mialiko yote, akaiacha kwa kiburi, ingawa alitamani kumwona dada yake kila siku. Aliufungua wa mwisho baada ya kupokea simu ya msiba, ukamjibu kwamba muda wake umekwisha, aombe mwingine kwa aliyeutuma. Mdogo huyo ndiye anayewasomea historia hii.

Dada, pumzika kwa amani.