Shanga Nilizozichoma kwa Jina la Bwana

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na waliomtumikia vema, asifiwe hata na mimi niliyemtumikia kwa kiburi.

Mnanifahamu kama mama mzee wa kanisa hili hapa Tabora. Hamkunijua nilipokuwa binti wa miaka ishirini, nimetoka shule ya misheni, naijua Biblia kuliko baba yangu, nikidhani Mungu ana bahati kunipata. Mwaka ule wa njaa waliombwa watu wa kujitolea katika makao ya watoto kule Buha, mpakani na Urundi. Nikapanda gari la moshi, kisha nikatembea siku mbili, mwanzo kwa njia ya zamani ya wapagazi, halafu kwa vijia vya milimani.

Watoto walikuwa wengi, wamekauka. Mama zao waliwaacha kwetu wakaenda kutafuta chakula, wakiahidi kurudi. Kila mtoto alikuwa na uzi wa shanga kiunoni. Nikasema, hizi ni hirizi! Nikachukua mkasi, nikazikata zote, nikazichoma uani. Watoto walilia, mimi nikaimba. Ndugu zangu, niliimba!

Mpishi wetu, Mzee Juma, alikuwa Mwislamu wa hapa mjini, aliyekaa Buha miaka mingi na kuijua lugha yao. Akaja na mwiko mkononi.

"Binti Mwalimu, hirizi umeziona wapi hapo? Kila mama hutunga shanga kwa mpango wake. Ndiyo alama ya kumjulia mwanawe."

"Mzee, angalia uji wako usiungue."

"Uji ukiungua nitapika mwingine. Wewe shanga utapika?"

Nikacheka. Nilimhesabu mtu wa giza.

Wiki ile walipokewa wachanga watatu wa kike, na shanga zao nazo nikazikata, nikazichoma. Katika msongamano ule hakuna aliyeuliza majina yao. Tukawabatiza Marta, Rebeka na Lea. Baadaye surua ikaingia, ikamchukua Lea.

Mwaka wa tatu akafika mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka. Alibeba kikapu cha maharage na kipande kipya cha merikani cha kumvika bintiye, aliyemwacha mchanga wiki ile ile. Akaeleza shanga zake, Mzee Juma akitafsiri: nyeupe mbili, nyekundu moja, hivyo hivyo mpaka mwisho wa uzi. Akapiga magoti, akapapasa kiuno cha Marta, akapapasa cha Rebeka. Akaninyanyulia macho.

Wake alikuwa yupi? Sikujua. Huenda alikuwa Lea, naye tulikwisha kumzika. Nami, mtumishi wa Mungu, nikashikwa na aibu kuliko huruma. Nikamgusa Marta bega kwa kidole, nikasema, "Ni huyu."

Mzee Juma hakutafsiri. Lakini kidole hakihitaji mkalimani. Yule mama akamfunga Marta ile merikani, wakaondoka.

Nikaingia kanisani kuomba. Nikasema "Baba yetu," nikakwama. Nikarudia, nikakwama. Ndipo nilipojua kwamba uongo wangu umekaa kati yangu na Mungu, na hautaondoka kwa kupiga magoti peke yake. Nikatoka mbio, Mzee Juma akinifuata huku anahema. Tukawakuta kwenye kijito cha mpakani. Nikasema yote: mkasi, moto, surua, uongo.

Yule mama aliketi chini. Kisha akasema neno, na Mzee Juma akalitafsiri polepole:

"Kwa nini hukunyamaza?"

Akauliza kama yule aliyekufa alizikwa na nguo. Nikasema ndiyo. Akamtazama Marta, aliyekuwa amemng'ang'ania kidole.

"Huyu amekwisha kunishika," akasema. "Siwezi kumbandua."

Wakavuka. Hakuniaga. Hakunisamehe, wala sijui kama alinisamehe baadaye.

Hapo ndipo Bwana aliponikomboa, ndugu zangu! Msitazamie vigelegele. Aliutoa uongo kama mwiba unavyotolewa, kwa ncha ya wembe, nami nikilia. Jioni ile niliweza kuomba. Na tangu siku ile sijathubutu kumwambia mtu "Mungu amesema" kabla sijamwuliza, "Na wewe wasemaje?"

Rebeka alibaki. Makao yalipofungwa nilirudi naye, nikamlea. Yupo hapa leo, benchi la tatu, amempakata kitinda mimba wake. Alipokua nilimweleza yote, na kwamba huenda mama aliyevuka kijito alikuwa wake. Siku nyingine huniita mama. Siku nyingine hupita bila hata shikamoo. Namshukuru Mungu kwa siku zote mbili.

Basi wewe uliyeficha neno kifuani, mtumaini Bwana, ulitoe leo. Usingoje ahadi ya kusamehewa na watu. Mimi sikupewa ahadi hiyo, na bado nimesimama hapa, nashukuru.